Kabla Hujalipia Tiketi ya Kongamano la Masoko

Ukifungua Facebook au Instagram siku hizi ni nadra ukose bango la kongamano. Kongamano la chapa na mitandao ya kijamii, kongamano la masoko ya kidijitali, kongamano la teknolojia na biashara ndogo. Picha za wazungumzaji waliokunja mikono, bei ya mapema, bei ya mlangoni, na chini kabisa nambari ya till.

Wenzetu wa huduma kwa wateja hutuletea swali lile lile kila mara, na aliyeliuliza vizuri zaidi ni mama mmoja anayeuza viatu vya mitumba Githurai na kupokea malipo kwa till yetu. Tiketi aliyoiona ilikuwa shilingi 7,500. "Hii till ni ya ukweli?" akauliza. "Na kama ni ya ukweli, nikienda nitarudi na nini?"

Sisi wa timu ya masoko ndio hutumwa kwenye makongamano haya, kwa hivyo swali likaishia mezani kwetu. Tutajibu yote mawili. Lakini ujue kwanza tunaongea tukiwa wapi: tiketi zetu hulipwa na kampuni, na siku tukiwa huko mshahara unaendelea. Wewe ukifunga kibanda siku nzima hakuna anayekulipa. Ushauri mwingi kuhusu makongamano haya hutolewa na watu wa aina yetu, na ndiyo maana mara nyingi haumfai mwenye kibanda.

Mambo haya yalianza wapi

Machi 2007 ni mwezi wa kukumbukwa na yeyote anayefanya biashara kwa simu. Tarehe 6, hapa Kenya, Safaricom ilizindua M-Pesa na pesa zikaanza kusafiri kama ujumbe mfupi. Siku chache baadaye, mjini Austin, Texas, kulikuwa na SXSW, tamasha lililoanza 1987 likiwa la muziki kabla ya kuongeza teknolojia. Kwenye korido zake ziliwekwa skrini kubwa zikionyesha jumbe fupi ambazo wahudhuriaji walikuwa wakiandika kupitia mtandao mchanga ulioitwa Twitter. Mtandao huo ulikuwa na mwaka mmoja hivi, na nje ya watu wa kompyuta wachache ndio waliujua. Tamasha lilipoisha ulikuwa gumzo. Tangu siku hizo kila kampuni changa hutamani kupata kongamano lake la bahati, na kila kampuni kubwa huogopa kukosa kuwepo.

Kuna makubwa zaidi. Cannes Lions kule Ufaransa lilianza 1954 kama mashindano ya matangazo ya sinema, na leo tiketi yake ni maelfu ya euro. Web Summit lilianza Dublin 2009, likahamia Lisbon 2016, na huvuta makumi ya maelfu ya watu. Tunayataja kwa sababu ya kwetu yameshonwa kwa kipimo hicho hicho, yawe ya Sarit Expo Centre kule Westlands, ya KICC au ya hoteli yoyote ya Nairobi yenye ukumbi mkubwa. Saa mbili asubuhi foleni ya beji. Saa tatu hotuba ya ufunguzi, ambayo huanza saa nne kasorobo. Chai na samosa. Jopo la watu watano wanaokubaliana kwa kila kitu. Chakula cha mchana, kisha usingizi, kisha jopo lingine. Jioni picha za pamoja.

Kitu ambacho bango halikuambii ni nani anamlipa nani. Si kila anayepanda jukwaani ameitwa kwa sababu ya anachojua. Mengi ya makongamano haya huishi kwa wadhamini, na mdhamini mkubwa hupewa nafasi ya kuongea. Hakuna ubaya hapo, hata sisi hudhamini. Ila ukimsikia mtu wa kampuni ya matangazo akisema dawa ya biashara yako ni matangazo zaidi, kumbuka anauza nini. Na hiyo ni pamoja na sisi tukikuambia dawa ni till.

Kisa cha biskuti

Ukienda makongamano matatu ya chapa, angalau mara moja utasimuliwa kisa cha Oreo. Februari 2013, fainali ya Super Bowl ikichezwa New Orleans, stima zikapotea uwanjani kwa zaidi ya nusu saa. Watu wa biskuti za Oreo wakaweka picha Twitter wakikumbusha mashabiki kwamba hata gizani biskuti huchovywa. Maelfu wakaisambaza, na tangu hapo watu wa masoko wanaisimulia kama ngano.

Ni kisa kitamu. Lakini usiku ule timu nzima ilikuwa imekaa pamoja ikisubiri nafasi: wabunifu, watu wa mitandao, na wakuu wa chapa wa kusema "weka" papo hapo. Hapa kwetu stima hupotea bila Super Bowl, na ukiwa peke yako kibandani unachotafuta kwanza ni tochi ya simu. Somo la kampuni yenye watu ishirini kwenye chumba kimoja halimfai mtu anayepiga picha kiatu kwa mkono mmoja na kupokea wateja kwa mwingine.

Yapo yanayomfaa, na huwa hayasimuliwi kwa mbwembwe. La kwanza ni kasi ya kujibu. Mteja anayeuliza "bado iko?" saa moja usiku amewauliza wauzaji wengine wanne swali hilo hilo. Wa kwanza kujibu akiwa na bei, saizi na picha ya kweli ndiye hulipwa, hata kama picha za mwenzake ni kali zaidi. WhatsApp Business, ambayo ilitoka 2018 na kupakua ni bure, inakuruhusu kuandaa majibu mafupi ya mara kwa mara na kupanga bidhaa zako kwenye katalogi pamoja na bei. Kuna watu wamelipa maelfu kufundishwa jambo hilo ukumbini. Wewe umelisoma hapa ukiwa kwa matatu.

La pili ni kwamba ukurasa wako wa Facebook au TikTok si shamba lako, umekodisha. Mwenye mtandao ndiye huamua nani aone bidhaa yako leo, na akibadilisha utaratibu wake usiku, asubuhi wateja wako mia tatu wanakuwa thelathini. Akaunti ikifungwa, hata kwa makosa, unaanza upya. Ndiyo maana watu wa chapa kubwa hukazana kupata nambari za wateja wao moja kwa moja, na hapo muuza viatu hayuko nyuma yao. Akimuuliza kila mnunuzi, "Nikuwekee kwa listi yangu nikileta mzigo mpya?" na kuandika jina la anayekubali, baada ya miezi sita ana kitu ambacho hakuna mtandao unaoweza kumnyang'anya.

Tumesema "anayekubali" kwa sababu. Nambari inayotokea kwenye ujumbe wa malipo si ruhusa ya kumtumia mtu matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla hujatumia data zake kibiashara, na haijali kama wewe ni benki au kibanda. Tumewaona wafanyabiashara wakiwatumia matangazo wote waliowahi kuwalipa, na hiyo ni njia ya haraka ya kupoteza wateja hata kabla ya kufikiria sheria.

Yanayosemwa kwenye korido

Mazungumzo yenye faida hufanyika nje ya ukumbi, foleni ya chai. Na kwa miaka hii ya karibuni, watu wa chapa wakikutana kwenye foleni hiyo hawaongelei biskuti. Wanaongelea kurasa feki.

Novemba 2022 Twitter ilianza kuuza tiki ya buluu kwa dola 8 kwa mwezi. Kabla ya hapo tiki hiyo ilitolewa na mtandao wenyewe kwa akaunti zilizothibitishwa. Ndani ya siku chache mtu akafungua akaunti yenye jina na nembo ya Eli Lilly, kampuni kubwa ya dawa ya Marekani, akalipia tiki, akatangaza kwamba insulini sasa ni bure. Kampuni ikalazimika kuomba radhi kwa waliopotoshwa, na kesho yake bei ya hisa zake ikashuka. Meta nayo ilianza kuuza alama kama hiyo 2023 kwa Facebook na Instagram, ingawa yenyewe huitisha kitambulisho. Kwa hivyo mtu aliyezoea kusema "ina tiki, ni wenyewe" sasa anahitaji kipimo kingine.

Kwa huku kwetu mchezo ni mdogo zaidi na uko karibu na mfuko wako. Unatuma pesa kwa nambari ya makosa. Unaingia kwenye ukurasa wa kampuni na kuandika hadharani, "Nisaidieni, nimetuma elfu mbili kwa nambari si yangu." Baada ya dakika mbili unajibiwa: "Pole sana mpendwa mteja, tunashughulikia. Tuma nambari yako kwa inbox." Jina ni letu, nembo ni yetu, pengine kuna nukta moja ya ziada kwenye jina au neno "care" limeongezwa mwishoni. Ukienda inbox unaulizwa jina kamili, nambari ya kitambulisho, salio lako la mwisho. Halafu PIN, au ile nambari ya siri iliyoingia sasa hivi kwa ujumbe, "ili tukurudishie."

Linalotukosesha usingizi ni hili: maneno hayo ndiyo tunayofundishwa sisi. Jibu haraka. Taja jina la mteja. Omba pole kwanza. Hamisha malalamiko kutoka hadharani hadi faraghani. Kila kongamano la chapa na mitandao ya kijamii lina somo la aina hiyo, na tapeli amelielewa vizuri kuliko kampuni nyingi. Mara nyingine anajibu haraka kutuliko. Adabu na kasi zilikuwa dalili ya kampuni inayojali. Leo hazithibitishi chochote.

Kinachobaki ni kuangalia anachokuomba. Pesa ikiwa inaingia kwako huhitaji kuweka PIN. Hakuna mfanyakazi wetu, awe wa mitandaoni, wa simu au wa dukani, anayehitaji kujua PIN yako au nambari ya siri iliyotumwa kwa simu yako. Hatuwezi kukuambia utume pesa kidogo ili urudishiwe kubwa. Mtu akiomba kimojawapo kati ya hivyo, hata kama anaongea kama malaika, mazungumzo yameisha. Usiandike shida ya pesa hadharani ukiambatanisha nambari yako ya simu, kwa sababu ndivyo wanavyokupata. Andika kwenye inbox ya ukurasa uliouingia wewe mwenyewe kutoka kwa tovuti au programu yetu, au piga simu.

Kama unauza mtandaoni, mchezo huu una upande wa pili. Mtu anachukua picha zako za viatu, anafungua ukurasa wenye jina linalokaribiana na lako, anaweka nambari yake. Wateja wanalipa, hawaletewi mzigo, na anayetukanwa ni wewe. Kampuni kubwa zina mawakili na watu wa kufuatilia mambo haya usiku na mchana. Wewe una jina la till.

Watu wengi hawatumii silaha hiyo ipasavyo. Till inapoingizwa kwa simu, jina la biashara hutokea kabla malipo hayajakamilika. Jina hilo likiwa sawa na jina la ukurasa wako, mteja ana njia ya kukutambua ambayo mwigaji ataipata kwa shida kubwa. Lakini tunakutana na till nyingi za wateja wetu zilizo na jina la mume, la kaka, au la biashara ya zamani iliyokufa. Mteja akiona jina geni mara kumi na bado mzigo ukafika, umemfundisha kutojali jina. Siku ya tapeli hatashtuka. Nenda ubadilishe jina la till lilingane na la duka. Kisha liandike juu ya kila picha unayoweka: "Lipa ukiona jina hili peke yake." Picha zenye maandishi hayo ni mzigo kwa mwizi, itabidi ahangaike kuyafuta.

Ukikuta ukurasa wa kukuiga, piga picha ya skrini kabla hujaanza kulumbana, kwa sababu akigundua umemwona atafuta kila kitu. Ripoti kwa mtandao wenyewe, waombe wateja wako waripoti pia, na kama kuna aliyepoteza pesa, nendeni polisi mkiwa na jumbe za malipo. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018.

Sasa, ile till ya bango

Kwa kuwa umeelewa jinsi ukurasa feki unavyofanya kazi, bango feki halitakusumbua. Weka nambari, weka kiasi, soma jina linalotokea. Bango likisema waandaaji ni kampuni fulani ya masoko na jina likawa la mtu binafsi au la duka la vifaa vya ujenzi, simama hapo. Wakati mwingine kuna sababu nzuri, maana waandaaji wengi huuza tiketi kupitia kampuni nyingine ya tiketi, na jina litakalotokea ni la hiyo. Lakini hilo uambiwe na waandaaji wenyewe, kwa nambari uliyoitoa kwenye tovuti yao. Usipige ile iliyoandikwa kwenye bango unalolitilia shaka, itapokewa na yule yule. Ukiambiwa utume kwa nambari ya kawaida ya simu, "ya mhasibu wetu, till ina shida leo," usitume.

Shahidi ambaye watu humsahau ni ukumbi. Piga simu mapokezi ya hoteli au jumba lililotajwa, uliza kama tarehe hiyo kuna kongamano la jina hilo. Ni simu ya dakika moja. Halafu tafuta wazungumzaji wawili wa kwenye bango, uone kama kwenye kurasa zao wametaja kwamba watakuwepo. Mzungumzaji wa kweli hujitangaza mwenyewe kwa nguvu, hilo tunawajua.

Haraka ya "bei inaisha leo saa sita usiku" haikuambii kitu, kwa kuwa waandaaji wa kweli na matapeli wote huitumia. Tofauti huonekana ukiomba muda. Waandaaji wa kweli watasikitika kidogo kisha wakuuzie kesho kwa bei ya kesho. Tapeli atakupigia simu mara tatu kabla ya saa nne.

Uliza pia mapema: likiahirishwa, pesa zinarudi, na kwa muda gani? Makongamano huahirishwa sana, na jibu la "tiketi yako itatumika mwaka ujao" ni afadhali ulijue kabla ya kulipa. Usifute ujumbe wa malipo. Na kama unataka gharama hiyo ihesabiwe kwenye kodi ya biashara yako, omba ankara ya eTIMS, kwa sababu tangu Januari 2024 KRA inataka gharama za biashara ziwe na ankara ya kielektroniki.

Ukigundua umelipa mahali pasipofaa, tupigie dakika hiyo hiyo. Usingoje kwanza umuulize jirani. Pesa ikiwa bado imo kwenye akaunti ya aliyepokea kuna la kufanya. Ikishatolewa kwa ajenti, kuirudisha huwa vigumu sana. Na jihadhari na mtu wa pili, yule atakayekuja baada ya wewe kulalamika mtandaoni akisema ana rafiki ndani ya kampuni anayeweza kurudisha pesa zako kwa ada kidogo.

Hesabu ya viatu

Basi till ni ya ukweli. Uende?

Tuchukue viatu. Tuseme faida ya jozi moja ni shilingi 300, na siku ya kawaida unauza jozi tano. Tiketi ni 7,500. Nauli ya kwenda Westlands na kurudi, tuseme 400. Siku moja bila kuuza, 1,500. Jumla 9,400. Ili urudishe pesa hizo unahitaji kuuza jozi 32 ambazo usingeuza kama hungeenda. Weka hesabu yako mwenyewe hapo, ya keki, ya vitenge au ya kusuka nywele. Ukiona idadi inayotoka na unajua itatoka wapi, nenda. Ukijikuta unasema "nitapata mawazo mapya", pesa hizo zina kazi nyingine.

Maoni yetu, na wenzetu wa tasnia watatununia: kama picha zako bado zina giza na unajibu wateja kesho yake, hiyo 7,500 inunue taa, stendi ya simu na mzigo kidogo. Kongamano halitakuambia kitu kikubwa kuliko hicho. Linaanza kuwa na maana ukiwa na shida moja mahususi, kama vile kupata msambazaji wa jumla au mtu wa kupeleka mizigo kaunti nyingine, au ukijua kwa jina kampuni itakayokuwepo ambayo umeshindwa kuipata kwa simu.

Kuna njia za kupunguza gharama. Makongamano mengi hutenganisha ukumbi wa hotuba na ukumbi wa maonyesho, na mara nyingine maonyesho ni bure ukijisajili mapema. Kwa mfanyabiashara mdogo, maonyesho ndiyo yenye nyama. Hotuba nyingi huwekwa YouTube baadaye, utazisikiliza ukipanga mzigo. Na kuna ujanja wa chama unaotufurahisha: watu watano wenye biashara zinazofanana wanachanga 1,500 kila mmoja, wanampeleka mwenzao mmoja, naye anarudi kuwafundisha Jumapili alasiri. Chagueni anayeandika. Anayependa picha atarudi na picha.

Ukiwa ndani

Usikae na uliokuja nao. Uwe na sentensi moja tayari ya kueleza unauza nini, wapi, na unatafuta nini, kwa sababu foleni ya chai haimsubiri mtu. Kwenye meza za kampuni za malipo na za usafirishaji usikubali vipeperushi peke yake. Sema, "Nionyeshe kwa simu yangu, ukiwa umesimama hapa." Na uliza ada: kila muamala unakata ngapi, pesa zinaingia lini, nikitaka kuacha nafanyaje. Meza yetu ikiwepo, tuulize sisi hivyo hivyo.

Lakini akuonyeshe simu ikiwa mkononi mwako. Kijana mwenye beji na fulana ya kampuni akisema "leta nikuwekee programu haraka", weka mwenyewe akikuelekeza. Beji huchapishwa popote. Ukifanya malipo ukumbini tumia bando zako, achana na Wi-Fi ya wazi ambayo hujui nani ameiwasha. Msimbo wa QR ulioubandikwa ukutani bila mtu karibu, upite.

Halafu kuna fomu. Kila meza ina fomu, na kila fomu ina bahati nasibu ya simu au spika. Jina, nambari, barua pepe, wengine hata nambari ya kitambulisho. Bahati nasibu ya spika haihitaji kitambulisho chako. Soma maandishi madogo ya chini, uone kama kuna mahali pa kukubali kutumiwa matangazo, na kama hutaki, acha kisanduku hicho wazi.

Wiki moja baadaye simu zitaanza. Mtu wa bima, mtu wa mashamba ya Kitengela, mtu wa mafunzo ya mtandaoni. Una haki ya kuwauliza nambari yako wameitoa wapi na kuwaambia wakuondoe, na wakiendelea, malalamiko hupokewa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Akipiga mwingine anayejua jina lako, jina la biashara yako na siku uliyohudhuria, akisema umeshinda ile simu ya bahati nasibu ila utume shilingi 500 za kuisafirisha, kata. Kisha tupigie, kwa nambari iliyochapishwa kwenye stika ya till yako.